Musalaba wa Nyuma ya Benchi ya Mawe

Ninyi vijana mutakaosoma hii, ninawajua. Munakwenda kukaa kwenye parke ile ya zamani karibu na ziwa, munapanda na viatu juu ya benchi ya mawe, munapiga picha, munakula mikate na kutupa karatasi chini. Na ule musalaba mudogo wa mbao unaosimama hatua chache nyuma ya benchi, munautundikia makoti yenu. Nimeona na macho yangu. Siku ile sikuwagombeza, kwa sababu sikuwa na pumzi ya kugombeza watu kumi kwa mara moja. Sasa tulieni. Nitawaambia musalaba ule ulifika pale namna gani, na kwa nini mutu akipita upande ule na jembe begani ninamufuata na macho mpaka leo.

Mimi nilisoma darasa tatu tu, kwa masista, kule upande wa Butembo. Walinifundisha kusoma, kusali na kushona; haya ninayasema tu, wengine wananiandikia. Kushona ndiko kulikonilisha. Nilipoolewa nikaletwa Goma. Bwana yangu alikuwa seremala, tukakaa mutaa wa Majengo, na mashini yangu ya kushona ikakaa kwa mulango kama mutu wa jamaa. Nilishona mashati ya shule, nilishona nguo za komunyo, nilitia viraka suruali za wabeba makala. Nyumba yetu ilikula kwa mukono wa bwana yangu wenye randa na kwa muguu wangu wa kukanyaga mashini.

Munajua udongo wa Goma. Ukipiga jembe, jembe linaruka na kukurudishia maumivu kwenye bega. Ni mawe ya volkano mpaka chini. Lakini parke ile, wazungu wa zamani waliiletea udongo na makamyoni kutoka mbali ili wapande maua yao. Basi katika muji wote, pale ndipo palikuwa na udongo laini ambao mutu anaweza kuchimba bila nondo. Mushike neno hilo, maana yote yaliyofuata yalitoka kwa ule udongo laini.

Wakimbizi walipokuja, walijaa parke. Wengine walitoka ng'ambo ya mpaka, wengine walikuwa watu wetu wa Rutshuru na Masisi waliofukuzwa na vita vyao. Walilala juu ya maua, walilala chini ya benchi, walikata miti ya kupikia mpaka zikabaki karatusi mbili, nazo ni kwa sababu zilikuwa nene kushinda mapanga yao. Kisha ugonjwa wa tumbo ukaingia. Asubuhi unamusalimia mutu, kabla ya jua kupinda umesikia amekufa. Wakubwa walipakiwa kwenye makamyoni wakapelekwa kusikojulikana. Lakini watoto wadogo, wazazi wao walikataa waende na kamyoni. Waliwazika pale pale, kati ya benchi ya mawe na karatusi mbili. Matuta madogo matano, yamepangwa mustari mumoja, bila musalaba. Mbao ilikuwa ya kupikia, haikuwa ya musalaba.

Wakimbizi wakaondolewa parke, wakapelekwa kwenye kambi. Baada ya muda vita vikaingia muji wenyewe.

Askari wa siku zile walikuwa na akili moja. Wanaingia ndani ya parsele, kiwanja cha nyumba yako, na ndoo ya maji, wanayamwaga polepole uani. Pale maji yanapozama haraka, wanajua pamechimbwa karibuni, na pale ndipo wanachimba. Jirani yetu alikuwa ameficha sufuria zake, radio na godoro chini ya jiko. Maji yalizama, na vyote vikaenda. Walimwachia ndoo.

Bwana yangu akakaa muchana muzima akiangalia mashini yangu. Halafu akasema:

"Tutaizika."

"Wapi? Hawajui kumwaga maji?"

"Tutaizika kwa watu waliozikwa. Kaburi hawalichimbi. Hata aliye mubaya namna gani, kaburi analiogopa."

Hakuwa wa kwanza kufikiri vile. Watu wengi wa huku walifanya makaburi ya uongo kuficha vitu vyao. Wengine walizika mabati, wengine ngano, wengine baiskeli iliyotolewa magurudumu. Juu wanaweka musalaba, na wanapita mbali wakiinamisha kichwa. Ilikuwa desturi ya vita. Lakini desturi haina maana kwamba ni kitu kizuri.

Bwana yangu alifungua kichwa cha mashini kutoka kwa meza yake, akakifunga ndani ya bashi nyeupe, lile turubai walilopewa wakimbizi, akakaza kamba kwa fundo lake la seremala. Halafu akanifungia mugongoni na kikwembe. Kilikuwa kizito kama mawe ya kujengea. Yeye akatembea mbele na jembe na musalaba wa mbao alioutengeneza kwa ubao wa kitanda chetu. Mimi nyuma, nikilia. Tulitoka Majengo mpaka parke muchana mweupe, tukapita kizuizi cha askari. Mumoja akavua kofia. Mwingine akasema, "Pita, mama, pole."

Nitawaambia jambo ambalo bwana yangu alikufa bila kulijua. Mwanzo machozi hayakutaka kutoka. Nililia na mudomo tu, na niliogopa askari ataona macho makavu. Basi nikafanya jambo baya. Nikafikiria mutoto wangu wa mwisho, wakati ule alikuwa na miaka mine, tulikuwa tumemwacha kwa shangazi yake. Nikamufikiria yeye ndiye amelala mugongoni mwangu ndani ya bashi. Pale machozi yalitoka kama bomba limepasuka.

Mama yangu alinifundisha kwamba ukimulilia mutu mwenye uhai, unamuitia kifo. Kinakuja kuuliza: mulikuwa munamulilia nani? Tulichimba kwa mwisho wa mustari, upande wa ziwa. Mimi sikuangalia shimo. Niliangalia barabara, kuona kama kuna mutu anakuja kuniambia mutoto ameanguka.

Kesho yake tulikimbia kwa njia ya Sake. Tulikaa huko miezi mingi. Yule mutoto alishikwa na malaria mara tatu, na mara zote tatu nilijua ni deni langu. Akapona, lakini woga haukupona. Tuliporudi Goma, nyumba ilikuwa bado imesimama, bila milango. Bwana yangu alikuwa na kikohozi kile kilichomuondoa baadaye. Akaniambia: "Nenda ukatoe mashini, tuanze tena." Nikachukua jembe, nikaenda peke yangu.

Musalaba ulikuwa umesimama. Na mwanamuke alikuwa amepiga magoti mbele yake.

Alikuwa mama wa upande wa Rutshuru, musema Kinyarwanda, mwenye umri kama wangu. Hakusikia nikifika. Alikuwa anasugua ule ubao wa kitanda chetu na pindo la kikwembe chake, kama unavyosugua uso wa mutoto. Halafu akageuka, akaona jembe langu.

"Mama," akaniuliza, "ni weye unasafisha hapa?"

Nikateremusha jembe.

"Mutoto wangu walimuzika hapa. Mimi nilikuwa nimelala na ugonjwa ule ule, siwezi hata kuinua kichwa. Watu walimubeba, wakaja kuniambia tu: nyuma ya benchi ya mawe, upande wa karatusi. Nimetafuta siku tatu. Mengine yote yamelala, nyasi tupu. Ni huyu tu aliwekewa musalaba. Kuna mutu alimuhurumia." Akaanza kulia. "Ni weye?"

Ninyi munaosoma, najua mungesema nini. Mimi pia nilijua la kusema. Mudomo ukatoa lingine: "Nilikuja kukata nyasi."

Na nikakata nyasi. Nilikata nyasi juu ya mashini yangu ya kushona, mbele yake, na yeye akanibariki kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili.

Nyumbani nilimwambia bwana yangu wameishaiba. Akasema "Basi," akageukia ukuta. Toka siku ile nilishona na sindano ya mukono mpaka vidole vikawa kama kwato. Nilifikiri nitangoja huyu mama arudi kwao, asahau, halafu nitachimba. Hakusahau. Alifanya makazi Bunagana, kule mupakani, akaanza biashara ya maharagi, na kila mwezi akishuka Goma na mizigo, kabla ya kwenda soko anapita kwa musalaba. Kisha anapita kwangu na kunipimia maharagi, kwa sababu mimi ndimi ninayelinda kaburi la mutoto wake. Alikuwa anajaza kipimo mpaka kinafanya kilima, mengine yanamwagika. Hata leo ananipimia, lakini siku hizi anakwangua juu na kiganja mpaka inakuwa sawa. Mutaona sababu.

Miaka ikaenda. Bwana yangu alikufa. Yule mutoto wa mwisho, niliyemulilia akiwa hai, akawa mwanaume, akaoa, akakaa na mimi. Siku moja akaja na chombo alichokipata kwa wachimbaji wa dhahabu: fimbo ndefu, chini ina sahani, juu ina kisanduku kinacholia kikisikia chuma ndani ya udongo. Watoto wa Majengo wakakiita mbwa, kwa sababu kinatembea kikinusa chini. Jina likashika.

Kwa mawe yetu mbwa hafai. Mawe ya volkano yana chuma ndani yake, anaguna kila hatua mpaka kichwa kinauma. Kwa hiyo yeye na rafiki yake wakafikiri: wapi Goma kuna udongo usio wa mawe? Munajua jibu.

Walianza upande wa mulango wa parke. Kila jioni alirudi na vitu ndani ya mufuko, akavipanga juu ya ukuta wetu mudogo. Vijiko vya kambi. Kufuli bila ufunguo. Vikombe vya bati vilivyokanyagwa. Maganda ya risasi, hayo nilimukataza, akayatoa. Sarafu za wazungu wa zamani zenye tundu katikati. Kifungo cha shaba cha koti la mutu mukubwa. Watu wa Majengo walikuja kuangalia, kila mutu anatambua kitu. Mama mumoja alishika kikombe cha bati, akakigeuza, akakirudisha bila neno, akaenda.

"Mama, hii ni historia," mwanangu akaniambia.

"Hiyo ni takataka ya watu waliokufa. Na chini kuna mabomu."

"Mbwa anajua kutofautisha. Jiwe linaguna. Shaba inaimba. Chuma kikubwa kinapiga kelele."

Kila siku alisogea. Kutoka mulangoni mpaka kwenye bomba la maji lililovunjika, kutoka bombani mpaka kwa maua. Mimi nilihesabu hatua zilizobaki mpaka benchi. Nilikuwa napeleka chakula pale muchana ili nione amefika wapi. Alifikiri ni upendo. Ilikuwa upendo pia, lakini zaidi ilikuwa woga.

Jumapili moja, tunakula, akaweka kijiko chini.

"Mama, jana kwa kaburi ya mutoto wa mama wa maharagi, mbwa alilia."

"Analia kila pahali. Ulisema mwenyewe hata mawe yanamuliza."

"Hii haikuwa ya mawe. Ni chuma kikubwa, kinene, kama hivi." Akapima na mikono yake, kiasi cha mutoto muchanga.

"Labda ni kijiko."

Mukwe wangu, muke wake, akaangua kicheko. "Kijiko gani hicho, mama? Cha kukorogea bugali ya kambi nzima?"

Mwanangu hakucheka. "Mimi nafikiri ni bomu. Waliochimba wakati ule walizika mutoto juu yake bila kujua. Na yule mama anakuja Ijumaa. Anapiga magoti pale pale, anapigapiga udongo na mikono. Nimeishaweka kitambaa chekundu cha hatari. Kesho nitaita watu wa kutoa mabomu, wachimbe kabla hajafika."

Nikisema si bomu, atataka kujua ninajuaje. Nikinyamaza, watu wa mabomu watakuja na filimbi zao na kamba zao, muji wote utasimama kuangalia, na kutoka kwa kaburi la mutoto wa mwenzangu kutatoka mashini ya kushona. Habari itafika Bunagana kabla ya gari la jioni. Ataambiwa na wenye kucheka.

Kesho yake asubuhi alikuwa anavaa viatu kwenda kuwaita. Mimi nilikuwa nachambua mboga ya lengalenga uani.

"Papa," nikamwita, kama tunavyowaita wana wetu, "acha watu wa mabomu. Hakuna bomu pale."

"Unajua aje?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyezika."

Akasimama na kiatu kimoja. "Ulizika bomu?"

"Nilizika mashini yangu ya kushona."

Aliniangalia, halafu akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya bido la kuchotea maji. "Mashini! Na musalaba juu! Baba naye! Na mutoto je, alikuwa wapi?"

"Hakuna mutoto."

"Basi mama wa maharagi analilia..."

Kicheko kikakatika hapo. Nikaendelea kuchambua lengalenga, natupa majani mazuri na kubakiza mabaya, maana sikuwa naona.

"Mama, miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Na siku ile mulipita kizuizi, watu wa hapa wanasema ulilia mpaka askari akavua kofia. Ulikuwa unalilia nini?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Bila kukufikiria wewe umekufa, machozi hayakutaka kutoka."

Akashikashika shati lake kwenye kifua. Mwisho akasema: "Aa! Ndiyo maana hukuniruhusu kuogelea ziwani hata siku moja."

Mutoto huyu hata ukimwambia ulimuzika, atatafuta ya kuchekesha. Lakini kile kiatu cha pili alisahau kukivaa.

Alikuwa na mupango. Tuchimbe sisi wenyewe, upesi, tutoe mashini, turudishe udongo na nyasi na musalaba. Ijumaa mama anafika, anapiga magoti, hakuna bomu, hakuna aibu, hakuna aliyejua. Nikakubali. Andikeni kwamba nilikubali. Niliona ni njia nzuri ya kutoka.

Jumanne, saa ya watu kuwa soko, tulikwenda watatu, mimi, yeye na mukwe. Alikata nyasi vipande kama mikeka, akaviweka pembeni ili avirudishe. Akachimba. Udongo ule bado ulikuwa laini. Mimi nilisimama kwenye benchi nikiangalia barabara, kama siku ile ya kwanza.

"Nimefika," akasema.

Bashi ilikuwa imegeuka rangi ya udongo. Kamba ilikuwa imeoza nusu, lakini fundo lilikuwa bado limekaza. Mwanangu alilishika na vidole viwili. "Ni la baba," akasema, na hakulikata, alilifungua polepole. Ndani, mashini ilikuwa nyekundu na kutu. Akajaribu kuzungusha gurudumu, likakataa. Akaitoa, akaiweka juu ya majani.

Nilikuwa nimeacha kuangalia barabara. Mukwe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Mama. Ona nyuma."

Mama wa maharagi alikuwa amesimama kwenye karatusi. Hakuwa na maharagi. Alikuwa na mufuko kichwani, sufuria mukononi, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Bunagana kulikuwa kumeanza risasi Jumapili, watu wamekimbia, barabara imechafuka. Ametembea, amepanda gari, ametembea tena. Alipofika Goma, kabla ya kutafuta pa kulala, alikuja kumuangalia mutoto wake. Nilikuwa nimepanga siku zote isipokuwa hiyo, mimi niliyeishi vita vyote hivi.

Aliangalia shimo. Aliangalia mashini.

"Hii ni nini?"

Mwanangu akafungua mudomo, nikamufunga na mukono wangu. Uongo huu ulikuwa wangu. Nikamwambia yote, pale nimesimama, kuanzia maji ya askari mpaka nyasi nilizokata mbele yake. Sikulia. Machozi yangu pale parke hayakuwa na thamani tena.

Alitua mufuko. Akakaa chini juu ya majani, miguu mbele, kama mutoto.

"Nimesali mbele ya chuma," akasema.

"Ndiyo."

"Nimekuletea maharagi kwa sababu ya chuma."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unapika?"

"Nilikuwa napika."

"Na unashiba?"

Mukwe alianza kulia, nikamwambia anyamaze.

Halafu akauliza lile nililoliogopa kuliko yote: "Na wangu yuko wapi?"

Nikaenda kwenye mwisho wa mustari. Nikamuonyesha. "Sisi tulichimba hapa, kwa mwisho. Yalikuwa matuta matano kabla yetu. Moja hapa, hatua mbili, lingine hapa, hatua mbili, lingine hapa, mpaka kwenye karatusi. Mumoja wao ni wako, kama waliokuambia walisema kweli. Yupi, sijui. Nikikuambia yupi, nitakudanganya mara ya pili."

Nyasi zilikuwa sawa sawa, hakuna tuta, hakuna dalili. Alitembea juu yake na macho, kutoka kwangu mpaka kwenye muti, akarudi.

Mwanangu akakohoa. "Mama," akamwambia kwa heshima, "mutoto alikuwa na kitu cha chuma? Bangili? Kifungo?"

Nilitaka kumupiga. Lakini yule mama akageuza kichwa.

"Medali ya Bikira. Ile nyepesi, ya aluminiumu, masista waliwapa watoto. Kwa kamba nyeusi, shingoni. Kama waliomubeba hawakuitoa."

Mwanangu akakamata mbwa wake, akaweka kofia chini, akaanza kutoka kwangu kuelekea karatusi. Alitembea polepole kuliko nilivyowahi kumuona akitembea. Kwenye la kwanza, mbwa aliguna, guno la jiwe. La pili, kimya. La tatu, kimya, kisha guno tena, akalizunguka mara mbili na kutikisa kichwa. Yule mama alikuwa ameshika kikwembe chake kwenye mudomo na meno. Mimi nilikuwa naomba, na sikujua naomba nini: mbwa alie, au asilie.

La nne, mbwa alilia. Sauti nyembamba, fupi, kama kifaranga.

Mwanangu akarudisha fimbo. Kifaranga tena. Akaivusha kwa upande mwingine. Tena, pale pale.

Akapiga goti. "Ni kitu kidogo," akasema. "Chepesi. Kinaweza kuwa aluminiumu." Akafuta uso. "Mama, sitakudanganya. Inaweza kuwa medali. Inaweza kuwa kizibo cha bia. Vinalia sawa. Nikichimba kidogo tu, kiganja kimoja au viwili, tutajua."

Alikuwa ameishashika jembe. Yule mama alisogea mpaka pale, akainama, akaweka kiganja juu ya nyasi. Akakaa vile. Halafu akaniangalia mimi, si yeye.

"Weye ndiye ulinipa musalaba," akasema. "Mimi nimechoka kuambiwa. Sema weye sasa, achimbe au asichimbe."

Siku ya kizuizi sikuogopa vile. Tukikuta kizibo cha bia, mutoto wake anapotea mara ya pili, na mimi ndiye niliyempoteza mara zote mbili. Tukikuta medali, hatutaikuta peke yake, ataona vile mama hapaswi kuona. Jembe la mwanangu lilikuwa juu. Nilimuona mutoto wangu, yule niliyemulilia akiwa hai, amesimama juu ya mutoto ambaye labda hakuna aliyepata nafasi ya kumulilia mahali pake.

Nikawaambia watu wa nyumba yangu, kwa sauti ili hata aliye barabarani asikie:

"Weka jembe chini. Chukua ule musalaba wa baba yako kule mwisho, ulete, uusimike hapa alipolia mbwa, na uupigie mawe pembeni usianguke. Wewe mukwe, beba mufuko wa mama na sufuria yake, analala kwetu leo, atake asitake. Na tangu leo mpaka mimi nizikwe, na hata nikiishazikwa, mutu yeyote wa nyumba yangu asichimbe hapa kutafuta kujua."